Herufi moja yenye ilibakia: s ya Kingereza inatoka wapi?

Wandugu wa chama, leo ninaacha mihogo na mbolea kando kidogo. Kuna swali moja yenye inarudi kila mara tukizungumza juu ya Kingereza: juu ya nini tunaandika "I work, you work, we work, they work", kisha mtu wa tatu akiwa peke yake tunaongeza kitu, "she works"? Hiyo s inatoka wapi? Na kama ni sheria, juu ya nini hatusemi "she cans"? Jibu la kawaida ni kwamba iko vile, tukariri tunyamaze. Mimi sipendi jibu hilo. Kwetu agronomia, ukikuta mti mmoja umesimama katikati ya shamba lililofyekwa, unauliza nani alikata mingine na juu ya nini huu aliuacha. Ile s ni mti wa namna hiyo.

Tuanze mbali. Katika karne ya 5 Waangle na Wasaksoni walivuka bahari kutoka pwani za inchi tunazoita leo Ujerumani na Denmark, wakaingia Uingereza na lugha yao. Hiyo lugha ilikuwa na mikia mingi kwa vitenzi. Chukua kitenzi cha kupenda, yenye leo ni "love". Mtu alisema "ic lufie" kwa ninapenda, "thu lufast" kwa unapenda, "he lufath" kwa anapenda, na "we lufiath" kwa tunapenda. Ninyi na wao walitumia mkia ule ule wa sisi. (Sauti ya th waliiandika kwa herufi yao nyingine, ninaiweka hivi ili simu zenu zisisumbuke.) Wakati uliopita nao ulikuwa na mikia yake: "lufode", "lufodest", "lufodon". Kwa hiyo mwenye anasema kwamba Kingereza ni lugha rahisi isiyo na upatanisho, anasema juu ya Kingereza cha leo. Mbele kilikuwa nao wa kutosha, karibu sawa Kijerumani.

Sisi upatanisho tunauweka ku kichwa ya kitenzi: ninapenda, unapenda, anapenda. Hata tukiufupisha tukasema "napenda", kitu kinabaki pale mbele. Wao waliuweka ku mkia, na Kingereza kinapiga mkazo ku shina la neno, mwanzoni. Mkia unasemwa haraka, kwa sauti ya chini, na kila kizazi kinaupunguza kidogo. Vokali za mwisho ziliungana zote zikawa "e" moja dhaifu, kisha ile "e" ikanyamaza kabisa. Konsonanti njo zilidumu zaidi.

Kisha wakaja Waviking. Mwaka 793 walishambulia monasteri ya Lindisfarne, kisiwa kidogo cha kaskazini-mashariki. Mwaka 865 lilifika jeshi kubwa, na mwaka 866 likakamata muji wa York. Mara ya kwanza ilikuwa moto na unyang'anyi, lakini mwaka 876 kiongozi wao Halfdan aliwagawia watu wake ardhi ya Northumbria, nao wakaanza kulima. Hapo njo kwangu historia inaanza kupendeza. Maana ukilima karibu na mtu, lazima uongee naye: ngombe wako ameingia kwangu, nipe mbegu nitarudisha kisha mavuno, binti yako ataolewa lini.

Lugha yao, Kinorse, na Kingereza vilikuwa ndugu wa karibu, sawa Mashi na Kihavu. Nyumba ilikuwa "hus" huku na "hus" kule. Mashina yalifanana, mikia njo ilitofautiana. Watu wazima wawili wakikutana sokoni na kila mmoja anaelewa shina la mwenzake lakini anapotea ku mkia, hauhitaji profesa kujua ni nini itaachwa. Wataalamu bado wanabishana juu ya uzito wa jambo hilo, lakini hakuna anayekataa kwamba kaskazini, kule Waviking walikaa, njo mikia ilianza kuanguka mapema kuliko kusini.

Na kuna ushahidi mmoja mzuri sana. Kule Lindisfarne kulikuwa kitabu cha Injili kwa Kilatini, kilichotengenezwa mwanzoni mwa karne ya 8. Miaka zaidi ya 200 kisha, padri mmoja jina lake Aldred alichukua kalamu akaandika maana ya kila neno katikati ya mistari, kwa Kingereza cha kaskazini. Ndani ya yale maandiko madogo tunaona mkia wa zamani, th, na mkia mpya, s, vinapigania nafasi. Tena ile s haikuwa ya "yeye" tu. Ilitumika pia kwa sisi, ninyi na wao. Mtu wa kaskazini angeweza kusema "he loves" na "they loves" bila mtu kumukemea.

Nani angemukemea? Mwaka 1066 Wanormandi walishinda Uingereza, na kwa miaka mingi mambo makubwa yaliandikwa kwa Kilatini na Kifaransa. Kingereza kilibaki lugha ya shamba, ya jikoni na ya soko. Paka mwaka 1362 njo sheria ilitoka kwamba kesi mahakamani zisemwe kwa Kingereza, na hiyo sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa! Wakongomani tunaelewa hali hiyo bila maelezo. Lugha isiyo na ofisi wala mwalimu wa kuisahihisha inakimbia kwa mwendo wake, na kila jimbo linakwenda na njia yake. Kusini walisema "he loveth" na "they loveth". Katikati walisema "he loveth" na "they loven". Kaskazini "he loves" na "they loves".

London ilikuwa mpakani mwa kusini na katikati. Ilichukua "loven" ya watu wa katikati kwa wengi, kisha ile n ikadhoofika, e ikanyamaza, na ikabaki "they love". Hiyo njo sababu ya wengi kuwa uchi leo: walikuwa na mkia, ulichakaa. Lakini kwa mmoja London ilisema "he loveth", na ile th ilikuwa ngumu, haikuchakaa.

Mwishoni mwa karne ya 14 Geoffrey Chaucer, mtu wa London, aliandika hadithi zake za wasafiri wa Canterbury. Katika moja, ile ya Reeve, aliweka wanafunzi wawili wa Cambridge wenye walizaliwa mbali kaskazini, na akawapa lafudhi ya kwao pamoja na ile s. Watu wa muji mkubwa wacheke. Mara nyingi inatajwa kuwa moja ya mara za kwanza mwandishi wa Kingereza kutumia lafudhi ya jimbo ili kuchekesha. Kwa wakati huo, kusema "he goes" mbele ya watu wa heshima ilikuwa kama mtoto wa kijiji kuingia oditwari na kuanza kuongea sawa vile wanaongea kwao mulimani. Hesabu miaka 250 kutoka hapo, na ile s ya kuchekwa njo ilikuwa inasemwa London yote.

Ilipandaje? William Caxton alileta mashine ya kuchapa vitabu Westminster mwaka 1476, na vitabu vilisaidia th kukaa. Lakini vitabu havizai watoto, na muji wa London ule wakati haukuweza hata kujijaza wenyewe: waliokufa walikuwa wengi kuliko waliozaliwa. Muji ulitoka karibu watu 50,000 kwenye mwaka 1500 ukafika karibu 200,000 mwaka 1600, na hao waliongezeka kwa kuhama, vijana kutoka majimbo yote wakitafuta ufundi na kazi za nyumbani. Wengi walikuja na s yao ndani ya kinywa.

Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Terttu Nevalainen na Helena Raumolin-Brunberg, walikusanya maelfu ya barua za zamani za Waingereza na kuhesabu ndani mikia ya namna hii. Waliona kwamba katika kuhama kutoka th kwenda s, wanawake walitangulia wanaume. Mimi hilo halinishangazi. Wanaume wenye elimu walikuwa na Kilatini na mafundisho ya kuandika ya kushikilia. Wanawake wengi walijifunza kuandika kwa kufuata vile wanasema.

Kanisa lilibaki nyuma. Biblia ya mfalme James ya mwaka 1611 inaandika "loveth", "goeth", "saith", juu wafasiri wake walifuata sana kazi ya William Tyndale ya karibu miaka 80 mbele yao, na juu sauti ya zamani ilionekana kuwa na heshima. Shakespeare, mtu wa wakati ule ule, alitumia zote mbili: akihitaji silabi moja zaidi ku mstari anaweka "eth", akitaka kufupisha anaweka "s". "Hath" na "doth" njo zilichelewa kufa, sababu zilikuwa maneno ya kila saa. Na mwaka 1643 mwalimu mmoja, Richard Hodges, aliandika katika kitabu chake cha tahajia kwamba watu wanaandika "leadeth" lakini wanasoma "leads". Jicho lilikuwa bado ku kanisa, kinywa kilikuwa kimeisha kuhamia kaskazini.

Sasa angalieni jambo yenye vitabu vyetu vya shule havisemi. London ilipochukua s kutoka kaskazini, iliichukua kwa mtu mmoja tu. Kwa wengi haikuihitaji, tayari ilikuwa na "they love" isiyo na kitu. Kule kaskazini kwenyewe kanuni ilikuwa nyingine kabisa, na watu wengine wa Scotland, kaskazini mwa Uingereza na Ireland ya Kaskazini bado wanaifuata: ukitumia "they" karibu na kitenzi unasema "they sing", lakini ukitaja jina, unasema "the birds sings". Hiyo ni kanuni kamili, ina mpango wake, ni kwamba haikupata muji mkuu wa kuisimamia.

Hata "are" ni ya hukohuko. Kusini walisema "beth" au "sindon" kwa sisi, ninyi na wao. "Aron" ilikuwa ya watu wa kaskazini na katikati. Na "they" ilitoka kwa Kinorse. Kwa hiyo mwalimu wa London akisahihisha mtoto "they are", anamufundisha neno la Waviking na kitenzi cha wakulima wa kaskazini.

Mkia mwingine ulianguka kwa sababu ya heshima. Zamani mtu mmoja aliitwa "thou", na wengi "you". Chini ya kivuli cha Kifaransa, na "tu" yake na "vous" yake, watu walianza kumwambia mukubwa mmoja "you". Kisha kila mtu akataka kuwa mukubwa, na katika karne ya 17 "thou" ilitoka polepole ndani ya Kingereza cha kawaida, pamoja na mkia wake "st": "thou lovest". Hapo hesabu inaisha: ninapenda, hakuna mkia, unapenda, umekwenda na "thou", tunapenda, munapenda, wanapenda, umechakaa. Amebaki yeye peke yake na s yake ya kuazima.

Na "she can"? Hapa wengi wanafikiri ni ubaguzi bila sababu. "Can", "may", "shall" na "must" ni vitenzi ambavyo zamani sana umbo lao lilikuwa la wakati uliopita, kisha maana ikageuka kuwa ya sasa. Na wakati uliopita wa namna hiyo haukuwa na mkia kwa mtu wa tatu. Hata leo hatusemi "she wents". Kwa hiyo "she can" haikupoteza s. Haijakuwa nayo siku yoyote. Ukijua hilo, hauhitaji tena kukariri orodha.

Kuna mtego mwingine wenye unaumiza watu wa kwetu: "the plant grows", lakini "the plants grow". S inaruka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kama vile sentensi ina s moja tu ya kugawana. Walimu wengine wanaifundisha hivyo na inasaidia kukumbuka. Lakini ki historia hizo s mbili hazina undugu. Ya jina, ya wingi, inatoka kwa mkia wa zamani "as": jiwe "stan", mawe "stanas". Ya kitenzi ni ile ya kaskazini. Zimekutana njiani zikafanana nguo tu. Mwenye lugha yake inaweka wingi mbele, mtoto na watoto, anapenda na wanapenda, vyote vikienda pamoja, ana haki ya kukasirika.

Kifaransa chetu cha shule nacho kina hadithi ya kupinda. Tunaandika "je parle, tu parles, il parle, ils parlent", na tulichapwa juu ya zile herufi za mwisho. Lakini sikiliza: kwa sikio ni neno moja mara nne. Kifaransa kilipoteza mikia hiyo ku kinywa na kikaihifadhi ku karatasi. Kingereza kilipoipoteza ku kinywa, kiliifuta na ku karatasi. Hii njo maana mtu aliyesoma kwa Kifaransa anasahau s: masikio yake yamezoea kwamba mkia wa kitenzi ni mapambo ya jicho. Kwa Kingereza, ile moja iliyobakia inasikika.

Karne ya 18 ilileta watu wa sarufi. Kisha "thou" kuondoka, wengi waliona shida: "you" ni mmoja au ni wengi? Wakajitengenezea suluhisho zuri, "you was" kwa mmoja na "you were" kwa wengi, na hata watu wenye elimu waliandika hivyo. Mwaka 1762 Robert Lowth, padri mwenye kisha alikuwa askofu wa London, alitoa kitabu chake cha sarufi na kukihukumu vikali hicho "you was". Lindley Murray alifuata njia ile ile mwaka 1795, na kitabu chake kiliuzwa kwa wingi sana Uingereza na Marekani. Murray alikuwa Mwamerika, avoka wa New York, alihamia Uingereza mwaka 1784, na alikiandika kwa ajili ya shule ya wasichana. Ya wapi? Ya York. Muji ule ule wa Waviking. S iliteremka kutoka kule bila ruhusa ya mtu, na miaka karibu 900 kisha kitabu cha kuilinda kikatoka mulemule. Mimi kwa maoni yangu "you was" ilikuwa bora, ilitenganisha kitu. Lakini ilishindwa, na leo mwenye anaisema anahesabiwa kuwa hakusoma.

Kuna mahali ambapo hata s ya mwisho ilikatwa. Mashariki mwa Uingereza, muji wa Norwich na vijiji vyake, wenyeji wengi wanasema "she go", "he like". Ni Waingereza wa toka zamani, siyo wageni. Mtaalamu Peter Trudgill, mwenyewe mtoto wa Norwich, alitoa mwaka 1974 utafiti wake juu ya namna watu wa muji huo wanasema, na aliona kwamba kadiri unashuka kutoka kwa wenye vyeo kwenda kwa wafanyakazi, s inapungua. Maelezo yake juu ya chanzo ni haya: tangu mwaka 1565 Norwich ilipokea wakimbizi, wafumaji wa nguo wenye walikimbia utawala wa Wahispania. Haraka wakawa karibu theluthi moja ya watu wa muji. Walifika wakati th na s bado vinapigana. Mgeni mtu mzima anasikia wenyeji wengine "she goeth", wengine "she goes", anasema basi "she go". Na walipokuwa wengi hivyo, hiyo ya tatu ikashinda.

Hao wakimbizi walikuwa akina nani? Waflama na Wawaloni, wengi kutoka inchi yenye leo ni Ubelgiji. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu.

Juu huku kwetu kitu cha namna hiyo kilipita kwa Kiswahili, na Wabeljiji walikuwapo. Kiswahili kiliingia Maniema pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19, Kasongo na Nyangwe, wakati wa Tippu Tip. Kisha Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, Élisabethville mwaka 1910, na wafanyakazi walichukuliwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Maniema, hata Ruanda-Urundi. Watu wazima, lugha nyingi, kambi moja. Ngeli zilifupishwa. Mtu wa Lubumbashi anasema "kitabu yangu iko wapi", na mtu wa Zanzibar anaziba masikio. Muliona hata ndani ya maandiko haya nimeandika "swali moja yenye". Johannes Fabian aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1986, juu ya vile Kiswahili cha Katanga kilitumiwa na utawala wa kikoloni. Lakini angalieni ni nini ilibaki: kichwa cha kitenzi cha watu. Ninaenda, unaenda, anaenda, banaenda. Hapo hatukuacha kitu.

Basi Mkongomani akiandika "the bean need water", wasimwambie kwamba hajui upatanisho. Anao tangu kwa mama yake, kwa kila kitenzi, kwa kila nafsi. Ameingia lugha yenye ilitupa sehemu tano kwa sita za wake, na ile ya sita njo wanamupimia.

Na wanamupimia kweli. Mwaka juzi shirika moja, sitalitaja, lilimurudishia mwenzetu ripoti ya majaribio ya maharagwe. Majedwali yalikuwa sawa, hesabu ilikuwa sawa, vipimo vya udongo vilikuwa sawa. Ukurasa wa kwanza ulijaa wekundu: "shows" hapa toa s, "need" hapa ongeza s. Maneno ya mwisho yalisema kwamba kiwango chake hakitoshi. Awamu ya pili ya kazi ilipewa mtu mwingine, mwenye hakuwahi kukanyaga lile shamba. Yeye ana watoto watatu. Tangu 2022 inchi yetu iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, majirani wa Rwanda walihamishia masomo yao kwa Kingereza tangu 2008, na makala nyingi za mihogo na migomba tunazosoma ziko kwa lugha hiyo. Mambo ya namna hii yatazidi.

Ile s inaleta maana kiasi gani? Karibu hakuna. "The farmer need water", hakuna mtu atashindwa kuelewa. Mahali inasaidia ni pachache: kondoo ni "sheep" mmoja au mia, kwa hiyo "the sheep eats" na "the sheep eat" vinatofautiana kwa ile s peke yake. Zaidi ya hapo ni alama ya nani alipita shule gani. Chaucer aliitumia kuwacheka wenye wanayo. Leo wanachekwa wenye hawana. Mimi ninaiandika kila mahali inatakiwa, na wadogo wangu wa promosyo ninawasahihisha bila huruma, juu ninajua bei yake.

Tena wenyewe bado hawajakubaliana kwa mambo mengi. Mwingereza anaandika "the team are", Mwamerika "the team is". Waamerika wenyewe walipoandika Katiba yao mwaka 1787, inchi yao waliihesabu kuwa wengi. Kuna watu wanasimulia kwamba vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe njo vilifanya Marekani kuwa "is", lakini badiliko la 13 la Katiba, la mwaka 1865, vita vikiwa vimeisha, bado linaiita wao. Ilichukua miaka mingi zaidi.

Kwetu wa majaribio kuna "data". Kwa Kilatini ni wingi wa "datum", kwa hiyo majarida mengi ya sayansi yanaomba "the data are", na magazeti ya kila siku yanaandika "the data is". Mukituma makala, fungueni kwanza makala mbili tatu za jarida lenyewe muone wanafuata ipi. Ku memwari yangu, kwa ule ukurasa mmoja wa muhtasari wa Kingereza, niliweka "are", sababu mwalimu aliyenisimamia njo alitaka hivyo.